Samaki wa Mpwa Wangu

Wadau, samahanini kwa ukimya wa wiki kadhaa. Sikusafiri wala sikuumwa. Nilikuwa nauguza samaki! Wenzangu wa chumba cha habari wamenicheka mpaka wamechoka, lakini ngoja niwasimulie.

Mpwa wangu wa miaka saba anaishi nasi tangu baba yake afariki. Yeye aliambiwa baba amesafiri. Akawa mtoto wa maneno machache. Siku moja tukipita Kariakoo akasimama kwenye duka la samaki wa mapambo, akagoma kuondoka. Nikanunua tangi la kioo la lita 60, pampu ya hewa, chujio la sponji na samaki wanne wa dhahabu. Jioni ile ile tukajaza maji ya bomba, tukawatia wote. Mtoto akawapa majina, akaongea mpaka usiku.

Wiki ya pili maji yakawa kama yaliyooshewa mchele. Samaki mmoja akaanza kuoza mapezi: kingo zikawa nyeupe, kisha mkia ukachanika-chanika. Mimi, ninayelipwa kuuliza maswali, sikumuuliza mtu. Nikamwaga maji yote, nikasugua mawe na sponji kwa maji ya bomba mpaka vikang'aa, nikatia dawa ya kuua bakteria. Siku chache baadaye wawili wakawa wanaelea. Mtoto alikuwa shule.

Nikakimbilia Kariakoo kununua wengine wanaofanana nao, asijue kitu. Nikamkuta mzee mmoja muuzaji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Tangi lina muda gani?"

"Wiki tatu."

"Basi sikuuzii, mwanangu. Ukiwatia humo utarudi tena kesho kutwa."

Akanifungua macho. Samaki hutoa amonia, na mabaki ya chakula yakioza huiongeza. Kwenye tangi lililokomaa, bakteria wazuri wanaokaa kwenye sponji na mawe huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa naitreti, yenye makali kidogo. Bakteria hao huchukua kama wiki nne hadi sita kujijenga. Mimi niliwatanguliza samaki, na wale bakteria wachache walioanza kuota nikawaua kwa klorini ya bomba. Amonia huunguza matamvua na ngozi, samaki anadhoofika, na vijidudu ambavyo siku zote vimo majini vinapata nafasi ya kula mapezi. Kumbe nilikuwa natibu samaki wakati ubovu uko kwenye maji!

Akanipa masharti. Badilisha robo ya maji kila siku. Maji ya bomba yakae kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke. Chakula kidogo, mara moja kwa siku. Sponji isuuzwe kwa maji yaliyotolewa tangini. Na nunua vichupa vya kupimia, mpaka amonia na naitraiti visome sifuri.

Nikarudi mikono mitupu. Mtoto alipoingia nikamwambia ukweli: wawili wamekufa, na kosa ni la anko.

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Na baba je, Anko? Naye amekufa?"

Wadau, nimewahi kuhoji mawaziri, lakini sijawahi kukosa maneno namna ile. Nikamwita dada, tukakaa naye mkekani, tukamwambia. Tulilia sote. Akasema alishajua, ila alikuwa anasubiri tumwambie.

Asubuhi yake yeye ndiye aliyeamka wa kwanza kushika kopo la kuchotea maji. Tumefanya hivyo kila siku kwa zaidi ya mwezi mmoja. Wiki iliyopita vipimo vyote viwili vilisoma sifuri, na yule mgonjwa mkia wake unaota upya, mwembamba na angavu kama nailoni. Mzee amesema sasa naweza kununua wengine, lakini mtoto amekataa. Anasema hawa wawili kwanza wapone kabisa.

Haya, nimerudi kazini. Tuko pamoja.