Nasaka nyumba, na paka juu

Wiki ya tatu sasa nasaka nyumba ya kupanga Nairobi, na shida si kodi. Ni paka. Tovuti ninazotumia zinauliza mtaa, bei na vyumba vya kulala. Kisanduku cha wanyama hakuna. Basi nikaandika kiprogramu cha Python kikusanye matangazo ya Kilimani, South B na Ruaka, kitafute maneno paka na mbwa. Kikaniletea mbwa tu, tena wale wa ulinzi getini!

Jibu lenyewe liko mdomoni mwa msimamizi wa ploti. Mmoja aliniambia, "Paka sawa, bora landilodi asimwone." Ruhusa gani hiyo? Siku akimwona, notisi ni yangu. Mimi nataka sentensi moja ndani ya mkataba. Natembea na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa (ndiyo, hata paka huchanjwa), maana Kenya ina mpango wa tangu 2014 wa kuutokomeza ugonjwa huo kwa binadamu kufikia 2030, na wenye nyumba wengine wanauogopa kweli.

Mama mmoja wa Ruaka amesema nimpeleke Jumamosi amwone kwanza. Akikataa, paka anaenda Nakuru kwa dadangu. Zimebaki siku tisa.