Pozzuoli, Mji Unaoumuka

Nilitumwa. Mwishoni mwa Juni 2025 mkaza mjomba wangu aliyeko Tanga alisikia redioni kwamba ardhi imetetemeka tena karibu na Napoli, na tangu hapo hakupata usingizi wa kueleweka. Binti yake anamtunza kikongwe mmoja wa Kiitalia katika mji wa Pozzuoli, na kila anapoulizwa habari za matetemeko hujibu, "Tumezoea, mama." Jibu la namna hiyo haliwezi kumtuliza mzazi. Akanipigia simu huku Uingereza na kuniambia, "Wewe uko jirani. Nenda ukanitazamie mwanangu, kisha unieleze kweli." Ujirani wenyewe ni ndege ya saa mbili na nusu, lakini kwa mtu aliyeko Tanga Ulaya yote ni mtaa mmoja, nami sikuwa na la kumjibu.

Kutoka Napoli nilipanda treni ndogo iitwayo Cumana katika kituo cha Montesanto. Hupita chini ya vilima na nyuma ya majumba, kisha ghafla bahari hutokea kushoto, na hapo ndipo mgeni anapong'amua kwamba amefika mahali pa kale. Wasomaji wetu wanaosoma Biblia wanaujua mji huu bila kujua kwamba wanaujua, kwani ndio Puteoli wa Matendo ya Mitume, ambako Paulo alikaa siku 7 akiwa njiani kupelekwa Roma. Warumi waliufanya bandari kubwa, na majivu yaliyochimbwa hapa, yakichanganywa na chokaa, yaliwapa saruji inayogandamana hata ndani ya maji. Leo ni mji wa wavuvi, wa vivuko viendavyo Procida na Ischia, na wa watu ambao kabla hujaketi watakwisha kukwambia kwamba Sophia Loren alilelewa kwao.

Nilipofika nilitafuta mlima nikaukosa. Sisi tuliozaliwa Afrika Mashariki tukisikia neno volkano huona moyoni Kilimanjaro, au Meru, au Lengai kule Ngorongoro, mlima wenye kilele na tundu juu yake. Vesuvio, ambao kila mtu anao pichani, uko upande wa pili wa Napoli nao ni jambo jingine. Volkano ya Pozzuoli haionekani kwa sababu umesimama ndani yake. Ni bakuli lenye upana wa kilomita 12 hadi 15, nusu likiwa nchi kavu na nusu likiwa chini ya ghuba, na Waitalia huliita Campi Flegrei, yaani mashamba yawakayo moto. Milipuko miwili mikubwa ndiyo iliyolichimba, mmoja miaka yapata 40,000 iliyopita na mwingine kama 15,000 iliyopita. Mara ya mwisho kutapika ilikuwa mwaka 1538. Ardhi ya pwani ilikuwa imeinuka, bahari ikarudi nyuma na kuwaacha samaki wakigaagaa mchangani, na mwishoni mwa Septemba pakafunguka tundu palipokuwa kijiji cha Tripergole. Kwa muda wa wiki moja hivi pakawa na kilima kipya, ambacho jina lake hata leo ni Monte Nuovo, Mlima Mpya. Watu hukipanda asubuhi kunyoosha miguu. Ndani ya bakuli hilo na kingo zake, katika eneo ambalo serikali imelitia alama nyekundu, wanaishi watu wapatao nusu milioni.

Binamu yangu alinipokea kituoni na, kabla ya kunipeleka nyumbani, akanipitisha kwanza mahali ambapo alijua kwamba pangenisemea mengi kuliko yeye. Hatua chache kutoka bandarini pana magofu ya soko la Kirumi, yaliyofukuliwa mwaka 1750. Kwa kuwa ilipatikana humo sanamu ya mungu Serapis, watu walidhani ni hekalu, na jina la Serapeo halijabanduka. Katikati zimesimama nguzo tatu za marumaru. Ukizitazama chini ni laini, na juu ni laini, lakini katikati, juu kabisa ya kimo cha mtu, pana ukanda uliotobolewa vishimo elfu kwa elfu kama ubao ulioliwa na mchwa. Aliyetoboa ni kome wa baharini mwenye desturi ya kukaa ndani ya mawe. Kome hapandi nguzo katika nchi kavu. Maana yake ni kwamba soko lile, lililojengwa juu ya ardhi kavu, lilizama baharini hadi nguzo zikafunikwa mita kadhaa, likakaa humo muda wa kutosha kome kujenga makazi, kisha likainuliwa tena, nguzo zikiwa bado wima! Mwingereza Charles Lyell aliiweka picha ya nguzo hizo mwanzoni mwa kitabu chake cha elimu ya miamba mwaka 1830, ili kuwaonyesha waliobisha kwamba nchi hupanda na kushuka. Ng'ambo ya ghuba, kule Baia, ushahidi umelala kinyume chake, kwani sakafu za nakshi za majumba ya matajiri wa Kirumi zingali chini ya bahari, na watalii hupelekwa na mashua kuzitazama.

Mwendo huo wa ardhi wenyeji huuita bradisismo, neno lililotokana na Kiyunani, lenye maana ya mtikisiko wa polepole. Mimi nilipendelea kusema kwamba mji unaumuka kama andazi. Kitovu cha kuumuka ni Pozzuoli penyewe, na kadiri unavyokwenda mbali nao, kupanda kunapungua. Kati ya mwaka 1969 na 1972 ardhi ilipanda mita 1.7. Kati ya 1982 na 1984 ikapanda tena mita 1.8. Kisha ikashuka taratibu kwa miaka 20 kiasi cha mita moja pungufu, watu wakapumua. Tangu mwaka 2005 imo katika kupanda, na nilipofika ilikuwa imeinuka karibu mita moja na nusu, hata kimo cha mwaka 1984 kimekwisha kupitwa. Bandarini jambo hili halihitaji mtaalamu. Katika kidimbwi cha mashua ndogo, mahali palipokuwa na maji pana matope na majani makavu, mashua zimelala ubavu, na gati iliyojengwa kwa kimo cha bahari ya zamani imekuwa ukuta ambao mvuvi hawezi kuuruka.

Kikongwe anayetunzwa na binamu yangu alizaliwa Rione Terra, mtaa wa kale ulioko juu ya jabali linalotokeza baharini. Tarehe 2 Machi 1970 waliletwa askari, na watu wapatao 3,000 wakatolewa majumbani mwao. Yeye alikuwa mke kijana. "Nilizima jiko na chungu kikiwa juu yake," alinieleza, binamu yangu akitafsiri, "nikadhani nitarudi kukipakua jioni." Hakurudi. Mlipuko haukutokea, lakini mtaa ulifungwa, ukabaki magofu kwa miaka mingi, na sasa umekarabatiwa kwa ajili ya watalii na kanisa kuu. Wakati wa matetemeko ya 1983 na 1984 alihamishwa mara ya pili pamoja na watu kama 40,000. Alfajiri ya tarehe 1 Aprili 1984 peke yake, katika saa chache, ardhi ilitikisika zaidi ya mara 500. Serikali ikawajengea wengi wao mji mpya, Monteruscello, ambao ukiutafuta kwenye ramani ya leo utauona nao umo ndani ya alama nyekundu ile ile. Safari hiyo pia mlipuko haukuja. Nilimwuliza kama anaona alihamishwa bure. Aliniangalia kwa muda, akamwomba binamu yangu kahawa.

Hapa ndipo nilipoanza kuelewa ugumu wa jambo nililotumwa kulichunguza. Mji huu unapimwa kuliko mgonjwa aliyelazwa. Kituo cha kuchunguza volkano cha Vesuvio kilianzishwa mwaka 1841, cha kwanza cha aina yake duniani, na chumba chake cha uangalizi sasa kiko Fuorigrotta, mtaa wa Napoli uliomo ndani ya bakuli lenyewe, na watu hukesha humo usiku na mchana. Vipima-matetemeko vimetegwa ardhini na hata chini ya bahari. Mitambo inayowasiliana na setilaiti husoma kupanda kwa ardhi kwa milimita, mingine husoma mwinamo wake, na maboya manne ghubani hupima jinsi sakafu ya bahari inavyoinuka. Katika kreta ya Solfatara, ambayo imefungwa kwa wageni tangu watu watatu wa familia moja walipofia humo mwaka 2017, na katika mivuke ya Pisciarelli iliyo jirani, hupimwa joto na gesi. Kila Jumanne hutolewa taarifa ya wiki. Matetemeko yakija kwa mfululizo, wenyeji hutangaziwa kwamba limeanza sciame, neno lile lile ambalo Waitalia hulitumia kwa bumba la nyuki, na sikuona mfano ulio bora zaidi: hujui kama watapita au watatua.

Lakini vipimo vyote hivyo hueleza kwamba ardhi inaumuka, na kwa kasi gani, bila kumaliza ubishi juu ya kinachoiumua. Wako wataalamu wanaosema ni gesi na maji ya moto vinavyosukuma kutoka chini, na wako wanaoona kwamba mawe yaliyoyeyuka yenyewe yanasogea. Wote wanakubali kwamba matetemeko hutokea karibu mno na miguu yetu, aghalabu kilomita 2 hadi 4 tu, na ndiyo sababu tetemeko ambalo penginepo lingetikisa vikombe tu, hapa huja na kishindo kama cha baruti. Tarehe 20 Mei 2024 lilikuja la kipimo cha 4.4, katikati ya bumba la matetemeko yapatayo 150 kwa jioni moja. Usiku wa tarehe 13 Machi 2025 likaja la 4.6, watu wakalala ndani ya magari na viwanjani. La tarehe 30 Juni, lililomkosesha usingizi mkaza mjomba, lilikuwa 4.6 pia, mchana kweupe.

Ndugu zetu wa Kongo hawahitaji kuelezwa haya. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulimwaga moto kwa kuwashtukiza watu, na siku zilizofuata ardhi ya Goma ikatetemeka mfululizo huku mawe yaliyoyeyuka yakipenya chini ya mji kuelekea ziwa Kivu. Tarehe 27 mamlaka ikaamuru sehemu ya mji ihamwe, na mamia ya maelfu wakaenda Sake, Rwanda na kwingineko, wengi kwa miguu. Moto wa pili haukutokea. Tanzania mwaka 2007 mambo yalikwenda vingine. Matetemeko ya Julai katika upande wa Gelai, ambayo kubwa lake lilisikika hata Nairobi, yalifuatwa na mlipuko wa Lengai mwanzoni mwa Septemba. Mpimaji anayeyaona matetemeko ya leo hajui ni hadithi ipi kati ya hizo mbili anayoisoma, na sidhani ni haki kumlaumu akisema wazi kwamba hajui. Tangu Desemba 2012 tahadhari ya Campi Flegrei ilipandishwa kutoka rangi ya kijani hadi ya manjano. Ikifika nyekundu, mpango wa serikali ni kuwatoa watu wote katika saa 72.

Usiku wa pili, tukiwa mezani, nililisikia mwenyewe. Kwanza mngurumo, kama lori lililopakiwa mawe likipita chini ya sakafu, kisha mtikiso mmoja mfupi, vijiko vikalia. Kikongwe hakuacha kula. Binamu yangu alitazama saa, akainuka, akatoa kwenye mtoto wa meza daftari la shule lenye mistari na kuandika. Nilipoomba kulisoma nilikuta taarifa za kila Jumanne amezinakili kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Ardhi ilikuwa ikipanda milimita 10 kwa mwezi, ikafika 30 kati ya Februari na Machi 2025, ikarudi 15 kuanzia Aprili. Pembeni mwa ile 30 alikuwa ameandika, "Usimwambie mama."

"Kaka, sikumdanganya," alisema. "Kuzoea si kutoogopa. Nikiondoka, bibi huyu nani atamshusha ngazi?"

Alinionyesha vilivyokuwa tayari: mkoba karibu na mlango wenye dawa za bibi, hati zao, tochi na viatu vya wote wawili. Aliniongoza tena hadi chini ya ngazi ili nione nguzo za nyumba. Mhandisi alikuwa amekwisha kuzikagua, jambo lililotiliwa mkazo tangu serikali ilipotoa sheria ya Oktoba 2023 ya kuchunguza uimara wa majengo ya eneo hilo, na ufa mmoja juu ya dirisha la jikoni umewekewa alama ya kalamu ili ijulikane ukirefuka.

Asubuhi niliyoondoka tulimpigia simu mkaza mjomba pamoja. Nilimweleza kila kitu, pamoja na ile 30. Kukawa kimya kirefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha aliuliza maswali mawili tu: kama mwanawe analala karibu na mlango, na kama lile daftari lina kurasa za kutosha. Binamu yangu akamjibu kwamba analala karibu na mlango, na kwamba kurasa zimebaki kama 20.

"Basi Jumanne unisomee," akasema mama yake. "Na usiruke."