Barua kutoka Chincoteague: ndege, farasi na magari 961

Kaka,

Uliniuliza kwenye simu Wamarekani wakitaka kuhifadhi ufukwe wao wanafanyaje, maana kamati yenu ya kusimamia ufukwe (BMU) imechoka kuletewa wataalamu na makabrasha. Basi nimekwenda kujionea. La kwanza la kukwambia ni kwamba makabrasha huku yapo, tena manene kuliko yenu, na ugomvi mkubwa uliomo ndani yake ulihusu maegesho ya magari.

Mahali penyewe panaitwa Chincoteague, jimbo la Virginia, pwani ya Atlantiki. Kuna visiwa viwili. Cha kwanza ni Chincoteague chenyewe, ndicho chenye mji: watu kama 3,000, wavuna chaza na wenye nyumba za wageni. Ukivuka daraja la pili unaingia Assateague, kisiwa chembamba cha mchanga, kirefu hadi kinaingia jimbo la Maryland, kinachoukinga mji na bahari kuu. Hifadhi ina jina la kisiwa cha kwanza lakini karibu yote iko kwenye cha pili. Ilianzishwa 1943 kwa ajili ya ndege wahamao, hasa bata bukini weupe wanaokimbia baridi ya kaskazini, na fedha za kununulia ardhi zilitokana na stempu ambayo mwindaji wa bata hana budi kuinunua kila mwaka. Kwa hiyo mwindaji ndiye aliyemnunulia ndege kiwanja. Hilo lilinifurahisha.

Ukishalipa getini unapita kwenye msitu wa misonobari. Humo nilimwona kindi mmoja mkubwa wa kijivu, mkia kama fagio, anatembea chini bila haraka. Jamii yake ilikuwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, ikatolewa 2015 baada ya kuongezeka. Mbele kidogo kuna barabara ya kuzunguka bwawa, maili 3.2. Asubuhi hairuhusiwi gari hata moja, ni ya waendao kwa miguu na baiskeli. Magari yanafunguliwa saa tisa alasiri. Utaratibu huo haukuhitaji ukuta wala askari, ni saa tu, na wote wanapata. Mbu nao hawana saa. Usije ukadhani mbu wa kwetu Pangani ndio mwisho.

Pale bwawani nilisimama muda mrefu nikimtazama yangeyange juu ya mgongo wa farasi. Ndiyo, yangeyange yuleyule anayefuata ng'ombe wetu. Huku si mwenyeji: alivuka Atlantiki mwenyewe kutoka Afrika, akaanzia Amerika ya Kusini mwishoni mwa karne ya 19, akapanda hadi Marekani karne iliyofuata. Hakuna aliyemwomba viza. Farasi ananyanyua mguu, panzi wanaruka, yeye anadonoa na kurudi mgongoni. Nilitaka kumsalimia kwa Kiswahili.

Sasa turudi kwenye makabrasha. Hifadhi za aina hii zinaongozwa na sheria ya 1997. Inadai kila moja iwe na mpango wa miaka 15, na wananchi wausome na kuupinga kabla haujapitishwa. Kisha inataja matumizi sita ya umma yanayopewa kipaumbele pale yanapopatana na lengo la hifadhi: kuwinda, kuvua, kutazama wanyama, kuwapiga picha, elimu ya mazingira, na kuwaelezea wageni wanachokiona. Hesabu vizuri, Kaka. Kuogelea hakumo. Kulala juani hakumo. Lakini watu zaidi ya milioni moja wanaoingia pale kila mwaka, wengi wanafuata bahari, na watoto, na mwavuli, na deli la barafu. Mji mzima unaishi kwa hao.

Mwishoni mwa barabara, nyuma ya tuta la mchanga, ndipo yalipo maegesho: nafasi 961, zimetandazwa maganda yaliyosagwa. Na ufukwe wa mbele yake unarudi nyuma kati ya futi 10 na 22 kwa mwaka. Kila dhoruba kubwa bahari inapanda juu ya tuta, inamwaga mchanga kwenye maegesho, inaondoka na vipande. Serikali inachota mchanga, inasawazisha, inamwaga maganda upya, na msimu unaofuata kazi inaanza tena. Mimi niliegesha nikatazama tuta, nikatazama maji, nikahamisha gari safu ya nyuma.

Huwezi kuelezwa habari ya kisiwa kinachotembea, wewe uliyetusimulia kisiwa cha Maziwe kilipokuwa na mivinje. Leo Maziwe ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, na mayai ya kasa yanahamishwa kupelekwa Ushongo ili yasioze. Assateague nayo inatembea, ila kwa namna mbili: katikati inamomonyoka, kusini inarefuka. Mnara wa taa, ule mwekundu na mweupe uliowashwa 1867, ulijengwa karibu na ncha ya kisiwa. Mchanga ukaendelea kujijenga kuelekea kusini, na sasa mnara umebaki msituni, mbali na bahari uliyowekwa kuiangaza.

Kuna mnufaika wa vurugu hizo. Ni ndege mdogo rangi ya mchanga mkavu, mviringo, miguu ya rangi ya chungwa, anayetaga kwenye kashimo kadogo mahali peupe pasipo na majani. Mahali kama hapo hupatikana pale hasa bahari inapopita juu ya kisiwa na kufagia nyasi. Dhoruba ileile inayobomoa maegesho inamjengea yeye nyumba. Ndiyo maana ncha ya kusini inafungwa kwa watu kuanzia katikati ya Machi, msimu wote wa viota, kwa vigingi na kamba, na walinzi wanahesabu viota. Wavuvi waliozoea kwenda huko na magari yao walinung'unika na bado wananung'unika.

Mpango uliopitishwa 2015 ulipaswa kuamua hayo yote. Kulikuwa na njia tatu mezani: kuacha kama ilivyo, njia ya kati, na ile ya kupunguza bughudha kwa wanyama, yenye magari machache ufukweni. Kabla ya hapo watu wa hifadhi walileta wazo la magari kuachwa mjini na wageni kupelekwa kwa basi. Mji ukawaka. Mama mwenye watoto watatu na deli hapandi basi, walisema. Atakwenda ufukwe mwingine, na sisi tutafunga gesti. Hoja yao si ya kijinga. Mwisho ikapita njia ya kati: nafasi zitabaki 961, lakini ufukwe wa kuogelea na maegesho yake vitahamishwa kama maili moja na nusu kaskazini, kisiwa kilipo imara zaidi. Wenyeji walishinda kwenye idadi, bahari ikashinda kwenye mahali. Kwangu mimi huo ni uamuzi wa watu wazima, hata kama nimeegesha palepale pa zamani kwa sababu kupitisha karatasi na kuhamisha maegesho ni kazi mbili.

Wenzao upande wa Maryland walifundishwa mapema zaidi. Miaka ya 1950 kisiwa kilishakatwa viwanja vya kuuzwa, barabara ya lami ikapitishwa. Machi 1962 ikaja dhoruba ikafagia. Mwaka 1965 Bunge likapitisha sheria, kisiwa kikawa ufukwe wa taifa. Vipande vya lami ile bado vipo mchangani, watu wanapita kuvitazama.

Nimesahau farasi, na ukija ndio utakaotaka kuwaona. Wa upande wa Virginia ni mali ya zimamoto wa kujitolea wa mjini, si ya serikali. Wanalisha hifadhini kwa kibali, wasizidi wakubwa 150. Mwisho wa Julai wanaogeleshwa kuvuka mkondo hadi mjini, watoto wao wananadiwa, fedha zinanunua magari ya zimamoto. Mila hiyo ya zimamoto ni ya tangu 1925. Kwa hesabu ya ndege, farasi ni mlaji wa ziada kwenye kinamasi, na wamewekewa uzio. Lakini hakuna mpangaji aliyethubutu kuandika waondoke, nami nisingethubutu.

Ukiulizwa kwenye kamati, waambie hili tu la kazi: wekeni kwenye mpango wenu mahali pa kuhamia banda la samaki kabla bamvua halijawachagulia. Na wewe ukipata nafasi ya kuja, njoo Septemba. Julai vyumba havipatikani na mbu wako kazini.

Msalimie shemeji na watoto.

Mdogo wako