Mlima Uliofanywa Kisiwa

Katika lugha yetu kisiwa ni nchi kavu iliyozungukwa na maji, na aghalabu hatusumbuki kutafuta maana zaidi ya hiyo. Aliyezaliwa Unguja, Pemba, Lamu au Ngazija ameijua maana hiyo kwa miguu kabla ya kuisoma kitabuni: ukitembea sana, mwisho wako ni pwani. Lakini viko visiwa ambavyo havikuumbwa na maji, vimeumbwa na mipaka. Kimojawapo ni Mlima Meru, kaskazini ya Tanzania, mlima wa zaidi ya mita 4,500, ambao katika muda wa karne moja umefanywa kisiwa mara mbili: kwanza kwa watu wake, kisha kwa wanyama wake. Kisiwa cha wanyama nilioneshwa kwa tiketi. Cha watu nilikisikia kwa Kiswahili, katika kiti cha mbele cha gari, baina ya kituo na kituo.

Ziara ya siku moja ina kanuni zake, na kanuni hizo hazitofautiani sana popote duniani. Pana saa ya kuondoka na saa ya kurudi; pana chakula cha mchana ndani ya boksi; pana maneno ambayo mwongozaji ameyahifadhi kwa moyo. Tulikuwa wageni wanne: mume na mke kutoka Ujerumani, msichana wa Kiholanzi, na mimi niliyetoka visiwani. Mwongozaji wetu, ambaye ndiye aliyeshika usukani, alikuwa kijana wa Kimeru. Aliniamkia shikamoo, akanikaribisha kiti cha mbele. Wenzangu aliwasemesha Kiingereza, mimi Kiswahili. Na kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa na mizani iliyokwisha kupimwa, ilhali Kiswahili chake kilikwenda guni, nilianza mapema kuisikiliza tofauti baina ya hivyo viwili.

Mjini Arusha alituonesha boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1900, ambalo sasa ni makumbusho ya viumbe asilia. Katika kutoka mjini alilitaja kanisa la Kiorthodoksi la Wagiriki. Yule msichana wa Kiholanzi akachangamka, akatuambia kwamba mwaka uliopita alifanya ziara kama hii huko Ugiriki: visiwa viwili kwa siku moja, asubuhi kimoja, alasiri cha pili, na chakula cha mchana chomboni. Hakutarajia kuwakuta Wagiriki chini ya mlima wa Afrika.

Lakini wapo, na zamani walikuwa wengi zaidi. Baadhi yao walikuja na ujenzi wa reli ya kutoka Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, wakiwa makandarasi. Baada ya Vita Kuu vya Kwanza, mashamba ya Wajerumani yalipotwaliwa kuwa mali ya adui na kuuzwa, Wagiriki walikuwa miongoni mwa walioyanunua, wakalima kahawa na mkonge. Walikuwamo ndani yao watu wa visiwani, waliokulia baina ya mawe na chumvi kama sisi, wakaja kuwa wakulima wa mlimani. Wengi waliondoka baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 na utaifishaji wa mashamba uliolifuata. Mwongozaji aliyasema haya kwa ufupi, kwa sauti ya mtu anayetaja majirani waliohama, kisha tukaifuata barabara ya Moshi mpaka Usa River, tukakata kushoto kuukabili mlima.

Hifadhi ya Taifa ya Arusha si kubwa, na ndiyo maana yafaa kwa ziara ya siku moja. Mara tu baada ya lango hufunguka uwanda mdogo wa majani, na siku ile palikuwa na twiga na nyati wakilisha kwa utulivu kabisa. Kutoka hapo njia inapanda msituni, penye mbega weupe kwa weusi wanaorukaruka na mikia yao kama mapindo ya kanzu, mpaka ukingoni mwa kreta ya Ngurdoto. Hiyo ni shimo la volkano iliyozimika zamani, upana wake kama kilomita tatu, na chini yake kuna kinamasi na majani mabichi ambamo nyati huonekana wadogo kama chungu. Mgeni haruhusiwi kushuka. Utasimama juu, utatazama, utapiga picha, utaondoka. Sijapata kuona mahali palipofanana na kisiwa kuliko pale: ukuta wa msitu pande zote, na ndani viumbe wasiojua kuwa wanatazamwa.

Mwongozaji alitoa tarehe zake. Mwaka 1960 palitangazwa Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto. Mwaka 1967 mlima wenyewe ukaunganishwa, na baadaye yote ikaitwa Hifadhi ya Arusha. Sehemu ya ardhi hii ilikuwa shamba la familia ya walowezi wa Kijerumani. Mwaka 1961 wacheza sinema wa Marekani walikuja upande wa Momella kuigiza filamu ya *Hatari!*, iliyotoka mwaka uliofuata. Yule Mjerumani aliijua, kwa sababu Hardy Krüger aliigiza ndani yake na baadaye akawa na shamba pale pale. Wakacheka, wakaulizana majina ya filamu nyengine. Habari ya ardhi ilikuwa imekwenda kutoka kwa mlowezi hadi kwa mwigizaji hadi kwa nyati, na hapana aliyeona kuwa pana pengo.

Tulifika kwenye maziwa ya Momella karibu na adhuhuri. Ni maziwa madogo madogo, na kila moja lina rangi yake, kwa kuwa kila moja lina magadi yake na chemchemi zake. Asili yao ni maangamizi: miaka kiasi cha elfu nane iliyopita ubavu wa mashariki wa mlima uliporomoka, ukamwaga mawe na matope mbali sana, na katika mabonde yaliyobaki baina ya vilima vya kifusi maji yakatuama. Heroe walikuwa wamesimama kwa maelfu ukingoni. Maji hayo ni mazuri kwa macho tu. Eneo lote hili lina floridi nyingi, nayo huonekana katika meno ya wenyeji, ambayo hugeuka rangi ya kahawia tangu utotoni, na wengine huathirika mpaka mifupa. Hilo mwongozaji hakulisema kwa Kiingereza. Alinionesha meno yake mwenyewe, akatabasamu.

Wakati wenzetu wakila, gari moja la abiria lilipita kwenye barabara kuu, limejaa watu hadi mlangoni, matenga yamefungwa juu. Barabara ile hukatiza ndani ya hifadhi, na wanavijiji huitumia kila siku kati ya twiga na nyati. Nikamuuliza wale wanakwenda wapi.

"Ngare Nanyuki, mzee. Ndiko kwetu khasa. Hayo matenga ni ya nyanya, yanarudi matupu kutoka sokoni."

Jina hilo ni la Kimasai, maana yake maji mekundu. Kisha, bila ya mimi kumhimiza, akaniambia kuwa bibi yake mzaa mama hakupata kwenda shule, lakini namba mbili alizijua tangu udogoni hata uzeeni: 31 na 328.

Hizo zilikuwa namba za mashamba katika daftari la serikali ya mkoloni. Kwa Wameru, ilikuwa ni Ngare Nanyuki yao, malisho na makaburi. Ili kulifahamu jambo hili yapasa kurudi kwenye yale mashamba ya walowezi, ya Wajerumani kwanza, kisha ya Wagiriki, Waingereza na wengineo. Ukiyasikia moja moja ni habari za wakulima na kahawa yao. Ukiyaweka pamoja juu ya ramani, unaona mkanda ulioufunga mlima kwa chini, na juu yake msitu wa serikali ambao raia hakuruhusiwa kuulima. Wameru na jirani zao Waarusha walibaki katikati, wakiongezeka mwaka kwa mwaka juu ya ardhi isiyoongezeka. Waandishi wa historia wameuita mkanda huo pete ya chuma. Mtu wa Unguja hahitaji kufasiriwa hali ya nchi isiyo na pa kunyooshea mguu.

Baada ya Vita vya Pili, tume ya serikali iliyoongozwa na Jaji Wilson ilipendekeza kuwa ardhi ya upande ule ipangwe upya, ili pawe na eneo moja lisilokatika la walowezi wa Kizungu. Ngare Nanyuki ikaangukia ndani yake. Wenyewe waliambiwa wahamie Kingori, chini zaidi, kwenye joto. Walikataa. Tarehe 17 Novemba 1951 askari walianza kuwaondoa kwa nguvu: nyumba zikachomwa, mifugo ikaswagwa, na watu wapatao 3,000 wakafukuzwa. Bibi wa kijana yule alikuwa msichana wa miaka 11. Alichokuwa akikisimulia, alisema mjukuu wake, si moto. Alisimulia mvua za vuli, na ndama waliokufa njiani kwa baridi, na mama yake aliyekataa kugeuka kutazama nyuma.

Wameru hawakushika mapanga. Walichanga pesa. Mwaka 1952 walimpeleka Kirilo Japhet mpaka New York, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kwa hoja kwamba Tanganyika haikuwa koloni bali nchi iliyowekwa amana kwa Uingereza, na amana ina masharti yake. Wakili wao alikuwa Earle Seaton, aliyekuwa na ofisi yake Moshi, na huyu naye alikuwa mtu wa kisiwani: mzaliwa wa Bermuda, mweusi, ambaye baadaye alikuwa jaji Tanzania na kisha Jaji Mkuu wa Shelisheli. Mwezi Disemba mwaka ule azimio la kuwatetea Wameru lilifika Baraza Kuu likapata kura nyingi, lakini halikutimiza theluthi mbili zilizotakiwa. Walishindwa kwa hesabu. Hata hivyo Kirilo aliporudi alizunguka Tanganyika akiwasimulia watu yaliyotokea, na wengi waliomsikiliza walikuwa tayari TANU ilipoundwa mwaka 1954. Mwaka 1967 Kirilo na Seaton walitoa kitabu juu ya kesi hiyo. Leo Ngare Nanyuki ni ya Wameru tena, na ndiko zinakotoka nyanya.

Nilimuuliza kijana kwa nini hawaambii wageni wake habari hii. Akajibu bila ya kinyongo: "Wamelipa kuona twiga, mzee. Na kila kituo kina dakika zake."

Yule Mjerumani alikuwa amesikia jina la New York katikati ya Kiswahili chetu, akauliza tulikuwa tukizungumza nini. Kijana akanitazama, kisha akaanza. Kiingereza chake kilipoteza mizani yake mara moja. Alisitasita, akatafuta maneno, akarudi nyuma kusahihisha mwaka. Ilimchukua dakika tano hivi. Msichana wa Kiholanzi aliuliza ni wapi khasa, naye akanyoosha mkono kaskazini, kule gari la matenga lilikokwenda. Walitazama muda mrefu upande ambao hapakuwa na mnyama yeyote.

Sisi tunaoishi kwa kutembelewa tunapaswa kulifikiri jambo hili, maana ziara za namna hiyo tunazo kwetu. Kila siku mashua hutoka Forodhani kwenda Changuu, na wageni huoneshwa kobe wakubwa wenye asili ya Shelisheli na jengo linaloitwa gereza. Jengo hilo lilijengwa katika miaka ya 1890 kwa nia ya kuwa gereza, lakini lilitumika kwa karantini ya abiria wa meli. Neno "gereza" linauza tiketi, "karantini" haliuzi. Mwongozaji si mwongo; amepewa shairi lenye beti zilizohesabiwa, naye analighani. Anayechagua beti za kuacha ni mwengine, na mara nyingi ni sisi wenyewe, tunapodhani kuwa mgeni hana haja ya kujua tulikolia.

Wala sisemi kuwa nyati waondolewe ili hadithi ya watu ipate nafasi. Kisiwa cha wanyama nacho ni cha kweli, na kinabanwa. Zamani tembo walipita kutoka Meru kuelekea Kilimanjaro kupitia nyanda zilizo baina ya milima hiyo miwili. Sasa njia hizo zimesongwa na mashamba na makazi, yakiwemo mashamba ya wajukuu wa wale waliofukuzwa. Pete imegeuka: aliyezungukwa sasa anazunguka. Kijana yule aliijua hali hiyo kuliko mimi, kwa kuwa mjomba wake hulinda nyanya zake usiku dhidi ya wanyama wale wale ambao yeye huwaonesha wageni mchana. Aliposema hivyo hakuonekana kutaka hukumu. Alitaka tu yote mawili yasemwe katika safari moja.

Inawezekana. Barabara ni ile ile moja, na kutoka maziwani mpaka Ngare Nanyuki si mbali. Dakika tano zinatosha kutaja namba mbili na mwaka mmoja, na zitabaki saa nyingi za twiga.