Mtoto Asiyechaguliwa

Wanachuo wetu warudipo kutoka mazoezi ya kufundisha hutuletea michoro ya madarasa: pembetatu kwa mvulana, duara kwa msichana, na mishale ya kuonyesha nani apenda kuketi na nani. Mtoto asiyefikiwa na mshale huandikiwa "mpweke", na neno hilo humfuata daftari hata daftari. Juu ya neno hilo tuna la kusema.

Mbinu hii ilianzishwa na Jacob Moreno, daktari aliyesomea Vienna kisha akahamia Marekani. Mwaka 1932, katika shule ya marekebisho ya wasichana huko Hudson, jimbo la New York, wasichana 14 walitoroka katika majuma mawili. Moreno na mwenziwe Helen Jennings hawakuridhika kuchunguza tabia ya kila mtoro peke yake. Walichora nani ana uhusiano na nani, wakaona kuwa utoro ulipitia humo. Kitabu chao kilitoka mwaka 1934.

Lakini mchoro ni nusu ya kazi. Mwaka 1938 wawili hao waliuliza swali ambalo wanachuo husahau kuuliza: kama watu wangechaguana kwa nasibu tupu, mchoro ungekuwaje? Wakaulinganisha na ule wa kweli, wakakuta katika ule wa kweli watu wengi zaidi walioachwa, na jozi nyingi zaidi za waliochaguana.

Natujaribu hesabu hiyo. Darasa lina watoto 41, kila mmoja achague wawili. Chukua mtoto yeyote: kila mmoja wa wenziwe 40 ana nafasi 19 katika 20 ya kutomchagua. Zidisha 19/20 kwa yenyewe hata itimie mara 40. Utapata kama 13 katika 100. Maana yake, watoto 5 hivi wangekosa mshale hata pasipo chuki yoyote darasani! Jozi za kuchaguana zingekuwa 2 tu.

Basi ukikuta watoto 5 wameachwa, mchoro haujakuambia kitu juu yao. Ukikuta 12, umekuambia. Hata hivyo usiandike neno. Uliza tena muhula ujao. Kwa nasibu, watakaoachwa mara zote mbili hawatimii hata mmoja. Aliyeachwa mara mbili mketishe karibu na yule aliyemchagua yeye, na majibu ya darasa yafungie kabatini.