Kaseti za Bibi, Nyumba Mbili

Kwenye kipindi kilichopita niligusia kwamba nimeunganisha mtandao wa kwangu Leeds na wa Baba kule Northampton, kisha tukahamia mengine. Wengi mmeuliza nilifanyaje. Nitaeleza, pamoja na sehemu ambayo sikuisema hewani.

Chanzo ni kaseti. Miaka ya 1980 kupiga simu Tanga ilikuwa ghali, kwa hiyo Bibi alikuwa anarekodi sauti yake na kumpa yeyote anayesafiri kuja huku. Baba anazo 34. Alipostaafu akaanza kuzihamishia kwenye kompyuta, moja moja, na kaseti ya dakika 90 inataka dakika 90, hakuna njia ya mkato. Alipomaliza tu, diski ikaanza kugoma. Nikamwambia tuziweke kwenye hifadhi ya mtandaoni. Akakataa katakata: "Maneno ya nyumbani, mwanangu, siyapeleki kwa watu nisiowajua."

Basi iwe nyumba kwa nyumba. Wengine hufungua mlango namba 445 kwenye ruta, ule wa kushirikisha mafaili ya Windows, ili waingie kutoka nje. Usithubutu. Mwaka 2017 WannaCry ilisambaa kupitia udhaifu wa huduma hiyohiyo, na hospitali za hapa Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa.

Nilichotumia ni WireGuard, programu ya bure, kwenye Raspberry Pi mbili, moja kila nyumba. Kila moja ina funguo mbili: wa siri hauondoki kwenye kifaa, wa wazi unampa mwenzako. Data zinazopita katikati zimefungwa, hata kampuni ya intaneti haioni kilichomo. Asiye na ufunguo akibisha, hajibiwi kabisa. Inatosha nyumba moja iwe na anwani inayofikika kutoka nje. Kwetu ni yangu. Nilifungua mlango mmoja tu, UDP 51820. Raspberry ya Baba ndiyo inayonitafuta, na kila sekunde 25 inatuma kijumbe kidogo ili njia isizibe. Msisahau kuiambia ruta ya kila upande kwamba anwani za upande wa pili zinapitia kwenye Raspberry.

Jumamosi nzima ilinipotea kwa jambo la kijinga: nyumba zote mbili zilikuwa zinatumia anwani za 192.168.1. Yaani ni kama mitaa miwili yenye jina moja, barua yako inazunguka mtaani kwako tu. Nikabadilisha za kwangu ziwe 192.168.50, mambo yakatulia.

Sasa ile sehemu nyingine. Kwa haraka zangu nilikuwa nimefungua kila kitu: diski yote ya Baba, printa, hata kamera ya mlangoni. Usiku ule nikaanza kunakili kaseti, nikabonyeza mojawapo nisikilize. Bibi akasalimia, akamtaja Mama kwa jina, kisha akasema: "Hii isikilize ukiwa peke yako." Mama alifariki 2014. Nikazima. Labda nilisikia sekunde kumi, lakini nilijiona nimeingia chumbani kwa watu bila hodi.

Asubuhi nikampigia Baba. Shikamoo, marahaba, kisha kimya. Nikamweleza. Hakufoka, aliuliza tu: "Kwa hiyo wewe unaona kila kitu?" Na mimi ndiye niliyekuwa nimemhakikishia kwamba ni salama! Kweli ilikuwa salama, kwa watu baki.

Wikiendi iliyofuata nikashuka Northampton. Nilizonakili nikazifuta mbele yake. Tukatengeneza folda moja, akaiita Familia, na akaunti yangu inasoma humo tu, haiwezi kufuta wala kuandika. Kwenye Raspberry yake nikaweka sheria: anayetoka kwangu anafika kwenye kompyuta moja, basi. Nikamnunulia na diski mpya ya kutunzia zote, inakaa kabatini kwake. Zipi ziingie Familia alichagua mwenyewe, jioni nzima, miwani puani. Ziliingia 27, na kompyuta yangu huvuta kila usiku chochote kipya kinachoonekana humo.

Juzi akanipigia, anauliza unahamishaje faili kutoka folda moja kwenda nyingine. Nikamwelekeza. Sikumuuliza ipi.