Jacqueline du Pré: tusimsikilize kwa masikio ya matanga

Wiki mbili hizi masikio yangu yamehamia Uingereza. Kila nikipata siti kwenye daladala naweka spika za masikioni, na anayenipigia ni mwanamke aliyefariki mwaka 1987. Jina lake Jacqueline du Pré. Wenye mapenzi na muziki wa klasiki mnamjua. Nyie ambao mkisikia neno klasiki mnawaza redio inayotangaza msiba wa kitaifa, msikimbie. Nitajitahidi kusema kwa lugha ya watu, na hoja yangu leo haihusu muziki peke yake.

Tuanze na chombo. Alikuwa anapiga selo. Selo ni dada mkubwa wa fidla: nyuzi nne, upinde, lakini ni kubwa kiasi kwamba mpigaji huketi na kuiweka katikati ya magoti, ikisimama sakafuni kwa mguu mmoja wa chuma. Waliowahi kuhudhuria taarab asilia Unguja wameiona, iko pale kati ya fidla na besi. Sauti yake haipishani sana na sauti ya mtu mzima anayeongea. Labda ndiyo maana ikilia, hata asiyejua noti hata moja hugeuka kutazama nani analia.

Du Pré alizaliwa Oxford tarehe 26 Januari 1945. Alikuwa na miaka kama minne hivi aliposikia selo redioni na kumwambia mama yake kwamba anataka kutoa sauti ile. Mama naye alikuwa mpiga piano, akamtafutia. Akiwa na miaka 10 akaingia mikononi mwa mwalimu William Pleeth, na akiwa na miaka 16, Machi 1961, akapiga onyesho lake kubwa la kwanza katika ukumbi wa Wigmore, London. Mwaka uliofuata tayari yuko mbele ya okestra ya BBC.

Sasa tufike kwenye rekodi ambayo kila mtu huanza nayo. Tarehe 19 Agosti 1965, katika Kingsway Hall, London, du Pré akiwa na miaka 20, alirekodi koncheto ya selo ya Edward Elgar pamoja na London Symphony Orchestra, kiongozi wao John Barbirolli. Koncheto ni utunzi ambamo chombo kimoja kinasemezana na okestra nzima: mara wanakubaliana, mara wanabishana, mara okestra inanyamaza na kumwacha mmoja aseme ya moyoni. Hii ya Elgar inaanza na selo peke yake. Hakuna salamu wala utangulizi. Ni kama mtu aliyefungua mlango na kuanza kusema jambo zito kabla hujamkaribisha kiti.

Barbirolli mwenyewe ana historia na utunzi huu. Ulipopigwa hadharani kwa mara ya kwanza, Oktoba 1919, yeye alikuwa kijana asiyetimiza miaka 20, mmoja wa wapiga selo waliokaa nyuma ndani ya okestra. Siku ile mambo yalikwenda vibaya, kwa sababu muda wa mazoezi ulikuwa umeliwa na utunzi mwingine uliokuwa kwenye programu hiyo hiyo. Ikachukua miaka 46 hadi kijana yule, sasa mzee na kiongozi wa okestra, kusimama mbele ya binti wa miaka 20 na kuusimamia ukirekodiwa vile ulivyostahili. Santuri ilipotoka ilimfanya du Pré ajulikane duniani, na mpaka leo bado inauzwa.

Miaka minane baadaye, Oktoba 1973, madaktari walimwambia ana MS. Huu ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Ujumbe kutoka ubongoni kwenda vidoleni unapotea njiani. Dalili zilikuwa zimeanza zamani. Katika maonyesho yake ya mwisho, mwanzoni mwa mwaka 1973, alikuwa hazihisi vizuri nyuzi chini ya vidole. Alikuwa na miaka 28 alipopewa jibu. Hakupiga tena mbele ya watu. Alifariki London tarehe 19 Oktoba 1987, akiwa na miaka 42.

Hapa ndipo hoja yangu inapoanza, msomaji.

Soma karibu chochote kilichoandikwa kuhusu rekodi ile ya 1965 utakuta maneno ya aina moja. Kwamba unasikia ndani yake mtu anayeaga. Kwamba kana kwamba alijua. Kwamba kila mvuto wa upinde unabeba kivuli cha yatakayomkuta. Nimesoma haya mara nyingi, na kila nikirudi kwenye rekodi najiuliza: alijuaje? Mwaka 1965 alikuwa mzima. Tazama filamu aliyotengenezewa na Christopher Nupen mwaka 1967, utamwona msichana mwenye nywele ndefu anayecheka kwa mwili mzima, anayefanya utani na wenzake, anayepiga huku akiyumba kama mti kwenye upepo.

Huzuni iliyomo mle ni ya Elgar. Yeye ndiye aliyekuwa na miaka 62 alipomaliza kuitunga mwaka 1919, vita kuu imemalizika na dunia aliyoizoea imekwisha. Mkewe Alice alifariki mwaka uliofuata, na baada ya hapo mzee hakukamilisha tena kazi kubwa ya namna ile. Kwa hiyo kilichomo kwenye santuri ni majonzi ya mzee yanayosemwa na binti mwenye afya tele. Hiyo ndiyo maajabu yake! Ni kazi ya msanii, amevaa msiba wa mtu mwingine ukamkaa sawasawa. Ukisema alikuwa anatabiri kifo chake unamnyang'anya sifa. Unageuza ufundi kuwa bahati mbaya.

Kwa nini jambo hili linanikereketa kiasi hiki? Kwa sababu ya kazi yangu.

Mwaka juzi tulimzika mtangazaji mwenzetu. Sitamtaja jina, familia yake imechoshwa na maswali. Alikuwa na miaka 29, figo zilimchukua ndani ya miezi minne. Jioni ile ile mhariri mmoja alinipigia akitaka makala ya kurasa mbili. Kichwa cha habari kilikuwa tayari hata kabla sijaandika mstari: kwamba marehemu alijua anaondoka. Ushahidi? Wiki mbili kabla ya kuugua alifunga kipindi kwa kuwaambia wasikilizaji, "tukijaaliwa tutaonana." Jamani, ni mtangazaji gani nchi hii asiyefunga kipindi hivyo? Ametamka maneno hayo kila jioni kwa miaka mitano. Zile nyingine zote hazikuwa utabiri, ila ile moja ndiyo ikawa.

Nilikataa kuiandika hivyo. Ikaandikwa na mwingine na watu waliisambaza sana. Simlaumu, kalamu ni ajira.

Lakini mimi nilikuwa na kitu ambacho makala ile haikuwa nacho. Kwenye kinasa sauti changu kulikuwa na dakika 40 za yule bwana. Nilikuwa nimemhoji kwa ajili ya kipindi kilichokuja kufa kabla hakijaanza, kuhusu alivyoingia kwenye utangazaji. Anaongea upuuzi mtupu. Anaigiza wachuuzi wa stendi ya Ubungo. Anacheka hadi anakohoa, anaomba maji, anaanza tena. Baada ya arobaini nilimpelekea mama yake.

"Shikamoo mama. Nimekuletea kitu, ila kama hujawa tayari nitarudi nacho siku nyingine."

"Marahaba mwanangu. Washa."

Nilikaa nikimwangalia. Nilidhani atalia. Dakika ya tatu mama alianza kutabasamu, na mwanawe alipomwigiza kondakta mmoja mwenye kigugumizi, mama akacheka kabisa, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Zilipoisha dakika zote 40 alisema neno moja tu: "Ndivyo alivyokuwa." Hakutafuta dalili ya kifo mle ndani. Alichotaka ni mwanawe, na alimpata.

Tangu siku ile nina mashaka na sisi watu wa habari. Tunaanza na jeneza halafu tunarudi kinyumenyume kutafuta mtu wa kulijaza. Maisha ya mtu hayaendi hivyo. Yanaendwa kwa mbele, na anayeyaenda hajui kona inayofuata. Rekodi nzuri ni ile inayotunza ule usiojua.

Basi turudi kwa du Pré na tuulize swali la haki: alituachia nini hasa?

Kwa hesabu ya makabati, si vingi. Kazi yake yote ya studio ilibanwa ndani ya miaka kama kumi, na inaenea kwenye sanduku moja la CD. Kuna koncheto za Haydn, ya Schumann, ya Dvořák aliyoirekodi Chicago mwaka 1970 na mumewe Daniel Barenboim akiongoza okestra. Kuna sonata za Brahms, Barenboim akiwa kwenye piano. Kuna trio za Beethoven, wawili hao na mpiga fidla Pinchas Zukerman, vijana watatu wanaopiga kama watu wanaokatishana maneno mezani kwa sababu wanapendana. Kuna Elgar nyingine ya mwaka 1970 iliyorekodiwa mbele ya hadhira Philadelphia, yenye pupa zaidi kuliko ile maarufu. Kuna sonata za Beethoven kutoka tamasha la Edinburgh mwaka huo huo, na humo unasikia ukumbi ukikohoa.

Na kuna mapengo. Suti sita za Bach, ambazo kila mpiga selo mkubwa huziachia dunia kama wasia, du Pré hakuwahi kuzirekodi zote. Kuna mbili tu za mwanzo, alizopiga akiwa kijana kwa ajili ya BBC mwaka 1962. Wengi husubiri uzeeni kwa Bach. Yeye uzee hakuupata.

Kuna jambo Barbirolli alilisema kumtetea. Wapo wakosoaji waliolalamika kwamba binti huyu anazidisha, anavuta sana, anateleza sana kati ya noti na noti, hana kiasi. Mzee akajibu kwamba kijana lazima awe na ziada, maana asipokuwa na ziada ujanani, miaka ikienda atapunguza nini? Ni jibu la mtu mwenye busara. Ila Barbirolli alifariki mwaka 1970, na hakujua kwamba miaka ile ya kupunguza haitakuja. Tulichonacho ni ziada tupu. Hatuna du Pré wa miaka 50 aliyetulia. Kuna siku hilo linanisikitisha na kuna siku nashukuru, kwa sababu watu wazima waliotulia dunia inao wengi.

Hata mwisho wake wa studio haukuwa na mbwembwe za kuaga. Desemba 1971, baada ya miezi ya kutojisikia vizuri, alipata nafuu ghafla, akaingia studio na Barenboim wakarekodi sonata za Chopin na Franck. Wakaanza ya Beethoven, hawakuimaliza. Hapakuwa na hotuba. Hakuna aliyejua kwamba ndiyo basi, na ukisikiliza ile Franck huku umejisahaulisha tarehe, utasikia mtu anayefanya kazi na kuifurahia.

Wala hakuzimika mwaka 1973. Aliendelea kufundisha akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alisimulia kwa sauti yake hadithi ya Petro na mbwa mwitu kwenye rekodi, muziki wa Prokofiev. Selo yake ya Stradivari ya mwaka 1712, iitwayo Davidov, leo iko kwa Yo-Yo Ma na bado inapigwa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mgeni ni huu: usianze na Elgar. Elgar imezungukwa na maua mengi mno ya kaburini, itakuwia vigumu kuisikia yenyewe. Anza na koncheto ya Haydn ya C, aliyoirekodi mwaka 1967 na English Chamber Orchestra. Utunzi huo ulikuwa umepotea tangu karne ya 18, ukaja kupatikana maktaba Prague mwaka 1961, kwa hiyo du Pré alikuwa katika kizazi cha kwanza cha wapiga selo waliokua nao. Nenda moja kwa moja sehemu ya tatu, ile ya mwisho. Ni mbio tupu. Vidole vinakimbia, okestra inamfukuza, yeye anageuka kuwacheka na kuongeza mwendo.

Hapo ana miaka 22, na hana haraka ya kwenda popote isipokuwa mwisho wa mstari.